Kichupa chenye Kifuniko cha Bluu

Mutuini,
12 Februari 2006

Ndugu yangu Norman,

Bwana asifiwe. Natumaini u mzima huko Hurlingham, wewe na Shiru na mtoto. Sisi tu wazima, ingawa uzima wa huku unaujua. Ng'ombe amezaa, ndama dume. Nimekupigia simu mara tano ukakata. Barua huwezi kuikata, kwa hivyo hii namwachia Dalmas, yule askari wa mlangoni kwenu.

Ni habari ya Mama. Tangu kansa iingie kwenye uti wa mgongo, ile dawa ya kampuni yenu, Doluvex, ndiyo inampa nafuu. Kichupa ulicholeta kimebaki na vidonge vinne, na anavikata nusu nusu kwa kisu cha mkate. Daktari wa kliniki kule Dagoretti amemwandikia tramadoli ya kawaida, ile ya bei nafuu. Anasema ni dawa ileile, tofauti ni jina la kampuni tu. Mama amekataa katakata. Anasema ni chaki.

Neno hilo alilitoa wapi, Norman? Si ni wewe, Krismasi, mbele ya akina mama wa kanisa? Ulitia kidonge chenu kwenye glasi ya maji, na cha wenzenu kwenye glasi nyingine. Chenu kikayeyuka, cha wenzenu kikakaa pale chini kama kokoto, ukasema, "Mnaona? Chaki!" Wakakupigia makofi. Nawe unajua Mama hajawahi kukuita Norman hata siku moja. Ulipewa jina la baba yake, Kinyanjui, na anakuita baba. Daktari atasema yake, lakini baba akisema amesema.

Leta nyingine, au njoo umwambie ukweli.

Dada yako,
Wahu


Hurlingham,
20 Februari 2006

Dada Wahu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ni kazi tu. Hongera kwa ndama.

Usininunie kwa ajili ya simu, mchana kutwa niko kwenye vyumba vya madaktari. Sampuli za kuwapa madaktari siku hizi si za kuchukua ovyo. Kila kichupa daktari anakitilia sahihi. Wale wa dawa za bei ya chini wamejaa mjini, na mimi ndiye niliyepewa upande huu wote, kuanzia hapa barabara ya Argwings Kodhek mpaka Dagoretti, niwazuie. Naingia na zawadi zenye jina la dawa yetu, kalamu, saa ya ukutani, mwavuli, namsalimia daktari vizuri, namwomba aandike Doluvex badala ya tramadoli. Kazi yangu yote ni neno hilo moja. Bosi akiridhika, mwaka huu nitakuwa meneja.

Mpe Mama kichupa hiki, na mwavuli huu ni wake. Takataka za kliniki usimpe.

Ndugu yako,
Norman


Mutuini,
18 Aprili 2006

Norman,

Hujambo. Leo sina salamu ndefu.

Kichupa chako kilidumu siku kumi. Kilipoisha nilifunga kibanda changu cha matumbo mapema, nikapita kwa kemisti pale Dagoretti, nikanunua tramadoli ya kawaida na kuimimina ndani ya kichupa chenu chenye kifuniko cha bluu. Ndiyo, nilidanganya. Na wiki sita Mama alipumzika! Alimkatia ng'ombe nyasi kwa mkono wake. Alienda kanisani na mwavuli wenu, hakuna mvua hakuna jua, ili tu watu wasome jina. Akawa ananiambia, "Umeona dawa ya baba?" Nami naitikia, "Nimeona, Mama."

Halafu Pasaka ukaja. Hata mikono hujanawa, ukakichukua kichupa, ukamimina vidonge kiganjani, ukavigeuza geuza, ukatangaza mezani, "Hizi si zetu! Hazina herufi D!" Jamani, si ungeniita kando? Si ungenikanyaga mguu chini ya meza? Ukaenda kuvimwaga nje, kuku wakaja mbio, ukacheka.

Mama hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Tangu juzi hajameza kitu. Anauma ncha ya leso, majirani wasimsikie.

Nakuomba mstari mmoja tu kwa mkono wako: Mama, ni dawa ileile, meza.

Dada yako,
Wahu


Hurlingham,
3 Mei 2006

Dada,

Nimeipata barua yako, na kusema kweli imenikasirisha. Udanganye wewe, halafu mbaya niwe mimi? Haya, yaishe.

Pale mezani nilishtuka tu. Nimefunzwa nikiona kichupa nikague vidonge, ndiyo kazi iliyoniingia kichwani. Sikufikiria Mama.

Nitakwambia wewe peke yako: ndani ni kitu kimoja. Ule wa glasi ni mchezo tunaofundishwa kwenye semina. Kidonge kinaweza kuchelewa kuyeyuka kwenye glasi na bado kimtibu mtu vizuri. Lakini siwezi kumwandikia Mama hivyo. Ataionyesha kanisani, na pale kuna Mama Debra, binti yake ni karani wa daktari mmoja ninayemtembelea. Kabla ya wiki kuisha iko kwa bosi. Subirini nithibitishwe, mbona ni miezi michache tu.

Nimetia vidonge kumi kwenye bahasha. Hii barua ichome.

Ndugu yako,
Norman


Mutuini,
2 Juni 2006

Norman,

Salamu. Barua sikuichoma. Nilimsomea Mama.

Unajua macho yake hayasomi tena. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia taratibu, "Wewe uliyebadilisha dawa, utashindwa kubadilisha barua?" Nimejikata ulimi mwenyewe, hata nikiapa haniamini.

Vidonge kumi vilikwisha kitambo. Zile alizoandikiwa kliniki nimezinunua tena, nimezipanga kabatini karibu na vikombe vya wageni, hazigusi. Kupiga magoti hawezi, anaomba akiwa ameegemea ukuta. Nikimwosha mgongo ananibana mkono mpaka kucha zinaingia. Mimi ninayemwona nimechoka kulia, wewe usiyemwona sijui kama unalala.

Kutoka hapo ulipo hadi hapa si safari. Njoo Jumapili. Usiandike chochote, usitie sahihi yoyote. Chukua kidonge kimoja cha kliniki, umeze mbele yake. Hilo tu, halafu urudi kwa bosi wako.

Dada yako,
Wahu


Hurlingham,
2 Oktoba 2006

Dada mpendwa,

Habari za siku nyingi! Najua nimekaa kimya, nisamehe. Jumapili ile tulikuwa na semina Naivasha, na baadaye mambo yakafuatana.

Nina habari njema mbili. Ya kwanza, nimekuwa meneja. Ya pili ndiyo itakayokufurahisha: kuanzia mwezi huu kampuni yetu inasambaza pia tramadoli ya kawaida, ile ileile ya kliniki. Tumeshindwa kuizuia, basi tunaiuza sisi. Sasa ruhusa ninayo ya kusema, tena nalipwa kusema!

Ndani ya bahasha kuna barua ya Mama, nimetia sahihi kwa jina la Kinyanjui. Dereva anawaletea katoni nzima. Mama asiumie tena hata siku moja.

Nitakuja Desemba.

Ndugu yako,
Norman


Mutuini,
9 Oktoba 2006

Norman,

Hongera kwa umeneja.

Barua yako sikumsomea mimi. Mama alimwita Mama Debra aje aisome, ili ajue haikupitia mikononi mwangu. Ikasomwa mara mbili. Mama Debra akafurahi, akasema, "Si unaona, hata mwanao anasema ni dawa nzuri." Na pale nje dereva wenu anashusha katoni.

Mama aliuliza ni nani anayeiuza sasa. Nikamwambia ni kampuni ya Norman. Akasema, "Alipokuwa haiuzi ilikuwa chaki. Sasa anaiuza, imekuwa dawa. Na mimi hapa katikati, tangu Pasaka, nilikuwa nani kwake?" Mama Debra akachukua mkoba wake akaenda zake.

Akaniomba maji. Nikakimbilia katoni yako, akanizuia. Alitaka zile za kabatini, nilizomnunulia mimi. Akameza kimoja. Baada ya saa moja mikono yake ilikuwa imelegea, amelala mchana kweupe na mdomo wazi. Nilikaa kando yake nikalia kwa hasira. Miezi sita, Norman, na kilichohitajika kilikuwa kabatini.

Katoni yako nimempa dereva aliyeileta, airudishe. Mwavuli pia.

Jioni aliamka, akanywa uji, akaulizia ndama, akaniuliza kama nimefunga kibanda. Halafu akaniuliza, kwa sauti ile anayomwulizia mtu wa mbali, "Na Norman, ulisema anakuja lini?"

Norman. Nina miaka thelathini na tisa, na sijawahi kulisikia jina hilo kinywani mwake.

Dada yako,
Wahu