Korosho Zinakokwenda

Didas wangu, asali yangu,

Basi Jumamosi hii tena sitakuja Kongowe, usinune. Nimechoka, mpenzi. Kila mkutano hapa kijijini Masaki naeleza jinsi maisha yetu yanavyohusiana na ya watu wa nchi nyingine. Watu wanapiga makofi, wanachukua soda, wanaondoka. Shirika lililoniajiri limesema watu wasipozungumza wenyewe mikutanoni, mradi huu unafungwa.

Jana niliacha kuhutubia, nikakaa na akina mama kubangua korosho. Bibi Monica akanitania, "Bibi harusi, mumeo umemwachia nani?" Tukacheka. Kisha akauliza, "Hao wanaozila huko Ulaya wanajua tunavyoungua vidole kwa mafuta ya maganda?" Wakabishana mpaka magharibi. Wanataka tuendelee Jumamosi. Nimekubali, kisha nikalia kwa kukukumbuka.

Nakupenda mno! Kabla mwezi haujaisha nitakuja, naapa.

Mkeo,
Justa