Baba, Sasa Tunauliza Ulikaa na Nani

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka Kabiro, Kawangware, ninakoishi siku hizi. Leo nimekukumbuka ukiwa Kambi Muru, kule Kibera, kwenye kile chumba cha mabati ulichoshonea nguo na mafundi wenzako, mabega yakigusana, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi. Ulipoanza kukohoa ulisema ni nyuzi tu. Ilikuwa TB. Nilipotoka shule nikikimbilia kukukumbatia, ulininyooshea mkono. "Kaa hapo hapo, nikuone tu." Nililia nikidhani umenichukia. Kwamba ulikuwa unanilinda, nilielewa ukubwani.

Kwenye zahanati walitupima sisi wa nyumbani, tukapatikana wazima. Hakuna aliyeuliza habari za mafundi. Ulikuwa umeshatuacha wakati Juma, rafiki yako wa cherehani ya pili, naye alipougua.

Sasa kuuliza ndiyo kazi yangu, Baba. Nazunguka Kibera na Kawangware: jana ulikaa na nani, wapi, kwa muda gani, dirisha lilikuwa wazi? Majibu yanaingia kwenye kompyuta, nayo inakadiria ugonjwa wa hewani utapitia wapi. Wengi wetu tulidhani utapitia nyumbani tu. Ikatuonyesha pia vyumba vya kazi, vidogo, visivyopitisha hewa, kama chenu.

Basi nikaenda saluni ya Mama Faith, jirani yangu. Akanikazia macho.

"Wewe, unataka kunifungia biashara?"

"Hapana, Mama Faith. Nataka tufungue dirisha, halafu nyote mpimwe."

Alikubali shingo upande. Msusi wake mmoja, Nekesa, akapatikana na TB, ikiwa bado changa. Akaanza kukusanya vitu vyake huku analia. Mama Faith akamnyang'anya mkoba.

"Unaenda wapi? Meza dawa, upone, urudi. Kazi yako iko."

Nekesa amemaliza dawa, amepona. Wenzake wote ni wazima. Jumamosi alinisuka, akinipigia domo mpaka nikasahau kichwa kinauma. Nilitamani umsikie anavyocheka, Baba. Kicheko kirefu, cha mapafu mazima.

Kesho naenda kwa mafundi wa viatu kule mtaa wa Satellite. Wamesema niende mapema, chai itakuwa tayari.

Pumzika, Baba. Huku tunaendelea.

Ni mimi, kitindamimba wako.