Mbaazi za Salma Zisizokuwa Mbaazi

Dada Zuwena,

Salamu nyingi kutoka Hamriya, huku Arabuni, kwenye jua la kukaanga hata kivuli. Mie nshajifedhehesha. Wanijua, kukaa tu nikaandaliwa siwezi. Juzi nikaona jikoni kwa binamu yetu Asha chupa ya punje za madoadoa. Nikasema, mbaazi hizi! Nikaziloweka, na jana asubuhi nikaziunga kwa nazi, na mandazi pembeni. Kijiko cha kwanza, meza nzima ikatema. Chungu kama shubiri!

Salma, binti wa Asha, akashika kichwa. "Khalati, mama mdogo, hizo mbegu za maua! Nimezitoa Marekani. Kule yanaota porini, kwenye mchanga chini ya misonobari, na kila mwaka yanachipua yenyewe. Hapa nimezipanda mara tatu, hazijaota."

Nilitamani ardhi inimeze. Leo tumekuta punje saba nilizozisahau ndani ya bakuli la maji, zimetoa mizizi. Kumbe zilitaka kulowekwa tu! Salma kanibusu kipaji cha uso. Mama yake kafunga jiko, na ufunguo anatembea nao.

Mungu akupe afya na mkono mwepesi. Nikirudi Unguja, mbaazi upike wewe.

Mdogo wako mjuaji,
Rahma