Mpira Niliousahau Kwenye Mahindi

Shangazi mpendwa, naomba msaada kabla sijapasuka kwa furaha na hofu pamoja, maana nimegundua jambo shambani na nashindwa kulisema ndani ya nyumba yangu. Mume wangu ni kinyozi, na kila jioni akirudi anashika mpira wa maji ananyunyizia mahindi mpaka udongo ubadilike rangi, kisha anasema, "Yameshiba hayo," lakini mahindi yakazidi kuwa ya manjano, naye akamlaumu kaka yangu aliyetuuzia mbegu, akamwambia asikanyage tena kwetu.

Sasa siku moja yeye yuko kazini niliuacha mpira ukitiririka kwenye mistari ya nyuma, nikanogewa na umbea kwa jirani, kurudi maji yamezama asubuhi nzima na tangi tupu, nikamficha mume wangu. Shangazi, mistari ile imekuwa kijani hadi inang'aa! Nikarudia kwa siri, halafu nikachukua jembe nikachimba: nyuma nilizamisha mkono hadi kiwiko bado kuna unyevu, na mizizi imeshuka mpaka kwenye samadi tuliyoifukia kabla ya kupanda, mbele unyevu ni wa kidole tu, chini yake vumbi, na mizizi imebaki juu juu. Nilicheka peke yangu kama mwehu! Ila mume wangu anashikilia kwamba kaka alituchanganyia mbegu mbovu na nzuri, na Jumapili atang'oa mistari yote ya mbele akaimwage mlangoni pa duka la kaka. Nikisema, atajua nani alimaliza tangi. Nifanyeje?

Mke wa Kinyozi

Mke wa Kinyozi, umenirusha kitini! Hongera, mwanangu. Mmea hautafuni, unakunywa. Chakula kilichoko chini lazima kiyeyuke kwenye maji ndipo mizizi ikivute, na mizizi yenyewe haipendi kupenya vumbi. Samadi yenu ipo pale pale, mahindi ya mbele yana njaa juu ya chakula chao.

Lakini wewe nawe! Kaka yako kafungiwa mlango, wewe unahangaika na tangi? Ona aibu kidogo.

Jumapili, kabla hajang'oa hata mche mmoja, mpe jembe achimbe mwenyewe, mbele kwanza, kisha nyuma. Usimhutubie, mwache aguse. Akiuliza, mwambie yote, pamoja na umbea wako. Halafu mwagilieni mistari ya mbele polepole mpaka maji yazame, na muache udongo upumue kabla ya kurudia. Msigeuze shamba bwawa, maana maji yakizidi mizizi hukosa hewa na chakula husombwa kusikofikika. Yaliyodumaa sana hayatayafikia ya nyuma, ila mengi yatawahi.

Mpira mwachie yeye, anaupenda. Na yale mashimo msiyafukie mpaka mumeo aende dukani, amlete shemeji yake, ayaone.