Majina Mawili kwenye Kahawa ya Dahabo

Hoteli ya Bi Dahabo,
Nyuma ya msikiti,
Isiolo.
12 Machi 1967

Mpendwa Shemeji Kaberia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, nikitumaini zitakukuta mzima pamoja na Mama Gakii na watoto huko Changamwe. Je, kifua chako kimepoa, au joto la pwani bado linakunyima usingizi? Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye alipona ile malaria, na sasa anagombana na kuku wake kama zamani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yake. Nakuandikia kwa Kiswahili ili Mama Gakii naye asome, maana Kimeru chetu bado kinamshinda.

Najua umeitazama anwani mara mbili. Ndiyo, niko Isiolo, wakati huu ambao wenye akili wanapakimbia. Mdogo wako Mutembei alipeleka mahindi Garba Tulla na lori lako, akifuata msafara wa askari, na siku alizosema atarudi zikapita. Kila aliyetoka huku alikuwa na habari ya gari lililokanyaga bomu. Nilishindwa kukaa. Nikafunga nguo zangu na majani yangu ya chai, nikateremka mlimani.

Kwa binamu yetu Salesio nilikuta kufuli, kwani amehamisha watu wake hadi vita hivi vya mashifta viishe. Basi nikaja hapa, anapolala Mutembei kila safari. Unajua alivyokuwa akiisifu hoteli hii na maziwa yake. Mimi nilikuwa nikijiuliza ni maziwa gani hayo yanayomfanya mwanamume asahau njia ya kwake. Ni nyumba ya mawe, iliyojengwa na mzee wa Kisomali aliyepigana vita vya kwanza vya Wazungu. Ina vyumba vinne tu, milango ya buluu, ua uliofagiliwa hadi mchanga unang'aa, na vibuyu vya maziwa vinavyonukia moshi. Nilitafuta uchafu nikaukosa, na hilo likanichukiza zaidi.

Mwenye hoteli sasa ni Dahabo, mama wa Kiborana, mrefu, mpole wa maneno. Mume wake ni Dabasso, yule mchuuzi anayesafiri na Mutembei na kumsaidia kusema na watu wa huko. Walikuwa pamoja katika lori safari hii pia. Lakini kwetu mlimani siku hizi tunaambiana kwamba hakuna Mborana asiye na ndugu porini na bunduki. Nikaanza kuwaza, huyu Dabasso anampeleka mume wangu sokoni au kwa mashifta? Tangu hapo kila nilichokiona kilikuwa na jambo nyuma yake. Chai yao sikuinywa. Nilichemsha yangu kwenye jiko la uani, na sufuria sikuiacha hata kidogo.

Sasa sikiliza. Kila alasiri Dahabo na jirani zake walikuwa wakiingia chumba cha ndani, mlango ukirudishwa. Nilichungulia, sikatai. Walikuwa wameketi kuzunguka chungu kimoja. Walikuwa wakiziuma ncha buni nzima za kahawa, na maganda yake, kisha Dahabo akizikaanga kwa siagi mpaka zinapasuka. Mzee mmoja akisema maneno, wote wakiitikia pamoja, nagaa, nagaa, halafu wakijipaka yale mafuta kichwani na kutafuna.

Shemeji, wewe unajua nilikuwa bibi arusi mpya mwaka ule tulipoingizwa katika nyumba za watu kula kiapo cha kupigana na Wazungu. Mlango umefungwa, chakula cha chombo kimoja, mmoja akisema na wengine wakiitikia. Mwili wangu ulikumbuka kabla ya kichwa. Nikasema, hiki ni kiapo, na wanakula mchana kweupe. Dahabo aliponitolea buni chache katika bakuli na kuninyooshea kwa mikono miwili, nilishukuru, nikageuka, nikawamwagia kuku. Aliniona. Tangu siku ile naye akawa ananitazama kwa pembe ya jicho. Baadaye nilijua alidhani nimetumwa na serikali kumpeleleza, kwani mama gani wa Kimeru hulala kwa Waborana wakati huu, tena anakataa buni za amani akipewa?

Kisha alasiri moja nikasikia jina la mume wangu mle ndani. Lilitajwa wazi, Mutembei, na wote wakaitikia. Niliona tayari wamemlia kiapo na kwamba anachinjwa huko aliko. Asubuhi yake nilivaa viatu, nikashika njia ya kituo cha polisi. Maneno nilikuwa nayo yamepangika mdomoni, kiapo, jina, mume wa Dahabo aliye porini. Unajua mtu hupelekwa wapi siku hizi kwa maneno kama hayo, na kwamba si rahisi kurudi. Nilijua, na bado nilikuwa nakwenda.

Lori lako ndilo lililonizuia. Liliingia mjini mbele yangu, limejaa vumbi, kioo kimoja hakuna, na Mutembei kwenye usukani. Nililia barabarani bila haya. Lakini alikuwa peke yake.

Hapo ndipo shaka yangu ilipohama nyumba. Mutembei hakutaka kuingia hotelini. Alimwambia Dahabo mlangoni kwamba askari walimteremsha Dabasso kizuizini, ng'ambo ya Kulamawe, na kwamba yeye aliwaeleza sana lakini hawakusikia. Mimi nilipomuuliza, alisema Dabasso aliteremka mwenyewe kusalimia jamaa. Nilipomwambia nimesikia mawili, akakasirika na kuniuliza mimi ni polisi tangu lini. Nimeolewa na mtu huyu miaka mingi. Nikimwona anafungua boneti ya gari lisilo na ubovu, najua anaficha uso.

Nilisimama kando ya hiyo boneti mpaka akachoka.

"Waliniuliza kama namjua," akasema. "Nikasema nimempa lifti tu. Ningesema nini, Gatakaa? Wangeshika lori, na lori ni la kaka."

Alasiri hiyo Dahabo alikaanga buni tena. Alikuja mwenyewe kunishika mkono, akaniketisha karibu na chungu, na akaniambia neno ambalo halijanitoka mpaka sasa:

"Mama, siku zote tunataja wawili, Dabasso na Mutembei. Wameenda pamoja, wanaombewa pamoja. Wako amerudi, basi leo tunashukuru. Wangu bado."

Nagaa kwao ni amani, na ni amani tu walikuwa wakiomba, Shemeji. Jina la Dabasso lilikuwa likitajwa kila siku kabla ya lile la Mutembei, na masikio yangu yalichukua moja tu. Nilitafuna buni zile. Zilikuwa chungu na tamu ya siagi, na nikaitikia pamoja nao, nikiona aibu hata ya kumeza mate. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nikikitafuta katika nguo za mwenye nyumba.

Sasa haja yangu. Mutembei amerudi Meru, anasema ni kutengeneza springi. Nimekataa kwenda naye. Watu wanasema waliokamatwa bado wako kambini Kulamawe, na bado hawajapelekwa mbali. Anayetakiwa ni mtu wa kusimama mbele ya mkubwa wa askari na kusema, namjua huyu, nimesafiri naye, ni mchuuzi. Dahabo akisema hayo hawamsikii. Mutembei watamsikia, lakini anaogopa kushikwa kwa kusema uongo mara ya kwanza, na anajificha nyuma ya lori lako.

Wewe ndiye mkubwa wake, na lori ni mali yako. Mpelekee telegramu leo hii, usingoje barua. Mwambie lori likishikwa lishikwe. Mwambie maneno hayo hayo, maana mimi nikiyasema ananijibu kwamba lori si langu.

Dahabo huniuliza kila asubuhi kama Mutembei alimtetea mumewe vizuri. Namjibu ndiyo. Halafu ananimiminia chai yake, na siku hizi nakimaliza kikombe chote.

Nisalimie sana Mama Gakii, Gakii mwenyewe na kaka zake, na yule jirani yenu aliyetutumia nazi. Mama anakusalimu na kuuliza utakuja lini kuona mahindi. Mwenyezi Mungu akupe afya na akuzidishie riziki ya mikono yako. Na amlinde Dabasso, mume wa Dahabo, huko aliko, maana sisi tunamjua.

Ni mimi shemeji yako nikuheshimuye na kukupenda,
Gatakaa, mke wa Mutembei