Banda la Bata Mzinga wa Maxwell

Rooty Hill, Sydney
4 Mei 2014

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tu wazima. Mjukuu wako Makena anakua, ingawa nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza.

Naandika kwa sababu kwenye simu maneno hunipotea. Mume wangu, mwanao Maxwell, alileta bata mzinga watatu hapa nyuma ya nyumba, akaahidi kuwajengea banda kabla ya baridi. Kisha akaniambia amepata safari za lori za kwenda Perth. Tangu Pasaka simu yake imezimwa. Kazini kwake wananiambia tu kwamba aliacha.

Huku baridi huanza Juni. Ndege wanalala juu ya uzio, mvua ikiwanyeshea. Sijui niwajengee, niwauze, au nimngoje mwenyewe. Nikishika nyundo, naona kama nimekubali kwamba harudi. Wewe umefuga bata mzinga miaka mingi. Nishauri.

Binti yako,
Kawira


Nkubu, Meru
25 Mei 2014

Kawira mwanangu,

Barua nimeipata, nikamshukuru Mungu kwamba mu wazima. Mgongo wangu ni ule ule wa uzee.

Jenga. Bata mzinga haogopi sana baridi, anaogopa maji na upepo. Ezeka bati, ziba pande tatu, wa nne uweke waya hewa ipite. Ukiwafungia kabisa, pumzi zao zitalowesha banda na watashikwa na mafua. Wawekee ubao mpana wa kulalia, usiwe juu sana, maana ni wazito, wakiruka huumia miguu. Upande wa waya uelekee kusini kama banda langu.

Mbao usinunue. Maxwell anasema ziko nyuma ya gereji, amezifunika turubai.

Mama yako


Rooty Hill
14 Juni 2014

Mama,

Natumaini mgongo umepoa kidogo. Sisi tupo.

Mbao nimezikuta nyuma ya gereji, chini ya turubai. Nimekaa juu yake nikasoma tena barua yako. Mama, Maxwell amekuambia lini habari hiyo? Yuko wapi? Ana mwanamke mwingine? Kama ni hivyo, sema.

Banda nimelijenga, lakini nalo limenichanganya. Nililielekeza kusini ulivyosema, upepo wa mvua ukaingia wote. Jirani yangu Balthazar, Mrundi, akacheka: “Dada, kwenu ni kwenu! Huku baridi inatoka kusini, na jua linapita kaskazini.” Tukaligeuza pamoja. Sasa ndege wamekataa kuingia. Wanalala juu ya paa, wananitazama.

Nijibu, tafadhali.

Kawira


Rooty Hill
12 Julai 2014

Mama,

U mzima? Sijapata neno lako. Makena ameniuliza kama baba yake amekufa, nami sikujua la kumwambia.

Kawira


Nkubu
20 Julai 2014

Kawira mwanangu,

Nisamehe. Barua yako ya Juni imekaa chini ya mto wangu. Kila nikishika kalamu nakumbuka nilivyomwapia mwanangu, nikiiacha nakukumbuka wewe. Mtoto wangu ni nani kati yenu? Nimechoka kujiuliza.

Hana mwanamke. Alianguka kazini, huko bandarini Port Botany, akatetemeka mbele ya wenzake. Daktari akasema ni kifafa, akakatazwa kuendesha lori. Baba yake mdogo alikuwa nacho, na Maxwell aliona watu walivyomkimbia. Sasa yuko Adelaide kwa binamu yake Ephraim, anafungasha machungwa. Aliniapisha nisikuambie. Nimevunja kiapo. Nambari ya Ephraim nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Mama yako


Rooty Hill
17 Agosti 2014

Mama,

Pokea salamu zetu. Watu wote wa nyumba hii sasa wapo.

Nilimpigia Ephraim, nikamsikia Maxwell akipumua kwenye simu. Nikamwambia, “Rudi.” Alifika Jumamosi ya tarehe 9. Badala ya kuingia ndani alizunguka nyuma, akasimama mbele ya banda. Ndege walikuwa wameshazoea kulala humo, maana nilikuwa nawabeba mmoja mmoja kila jioni.

“Nani amejenga?”

“Mimi.”

Akautikisa ubao wa kulalia, haukucheza. Akasema, “Sikutaka mnione nikianguka.”

“Maxwell, kazi yangu ni kulea wazee. Watu wanaanguka mikononi mwangu kila siku.”

Ndipo akaingia ndani.

Bado sijui kama nimemsamehe. Leo nampikia, kesho natoka jikoni nisimwone. Wewe pia nimekukasirikia, Mama, na bado nakukumbuka sana. Sielewi mambo haya yanakaaje pamoja kifuani.

Jana alianguka, mezani tulipokuwa tukila. Nilimlaza ubavu, nikasogeza viti. Alipozinduka aliuliza, “Makena ameona?”

“Ameona. Huo mto ulio chini ya kichwa chako ameuleta yeye.”

Akaugeukia ukuta akalia, na mtoto akaketi sakafuni kando yake.

Binti yako,
Kawira