Chanjo Aliyonyimwa Des

Scottsdale, 12 Juni

Mdogo wangu Lorna,

Salamu. Mimi mzima, kama unataka kujua. Des wangu si mzima. Yuko hospitali Launceston, mafua yameshuka kifuani, anapumulia mashine. Alikuja hapo kwa daktari wenu kuomba chanjo ya mafua, wewe umekaa mapokezi, ukamwambia, "Shemeji, ya bure subiri ufike sitini na tano." Ana sitini na moja! Kila msimu anakuletea gunia la viazi mpaka mlangoni, hajakuuliza umri wako hata siku moja. Usinipigie simu. Sipokei.

Dada yako,
Glenys

14 Juni

Dada Glenys,

Poleni sana. Nimelia, na nitakuja kumwona hata ukinifukuza. Lakini mambo ya wagonjwa ninayoyajua pale kazini siruhusiwi kuyatoa nje, hata kwako uliyelala nami kitanda kimoja utotoni. Muulize Des mwenyewe.

Mdogo wako,
Lorna

15 Juni

Lorna,

Nimuulize? Mtu ana bomba mdomoni! Jifiche tu nyuma ya sheria zako. Jumapili tunamfanyia Mama sherehe ya kuzaliwa. Ukienda wewe, mimi siendi.

Glenys

3 Julai

Mdogo wangu Lorna,

Habari za siku nyingi? Jana Des alitolewa mashine. Nikamwambia, "Lorna nimeshamkomesha." Akageukia ukutani.

"Hakuninyima," akasema. "Yale ya sitini na tano niliyatunga mimi nilipokusimulia." Akaendelea: "Alikuwa ananipigia simu niende. Moyo wangu mbovu, Glen, tangu mwaka jana. Wenye moyo mbovu wanachanjwa bure, umri wowote. Mimi ndiye niliyekuwa namkatia simu."

Aliogopa nikijua nitamkataza kuendesha trekta. Trekta! Nilimtukana mpaka muuguzi akaniomba nitoke nje.

Nimekukosea, nisamehe. Lakini hata wewe nina hasira nawe. Ungeshindwa nini kuniambia, "Dada, mchunge mumeo"?

Dada yako,
Glenys

5 Julai

Dada Glenys,

Nashukuru Des anapumua mwenyewe. Mwezi wa tano nilikuja. Nilisimamisha gari getini kwenu, nikakuona unaanika nguo, nikageuza. Ningekwambia, nani tena katika mji mdogo kama huu angemweleza daktari ugonjwa wake? Hasira yako naipokea. Na mimi ninayo yangu: uliamini upesi mno kwamba ningemnyima.

Sasa unakwenda kumuuguza mtu wa moyo na wewe hujachanjwa. Nimekuwekea miadi Jumanne saa nne asubuhi. Umri hujafika, utalipia.

Mdogo wako,
Lorna

6 Julai

Lorna,

Nitakuja. Nisalimie kama mgonjwa mwingine yeyote, bado sijapoa. Ila ukitoka kazini usipitilize nyumbani. Nitakuwa hapo nje ndani ya gari, nakusubiri. Yapo ya kugombana ambayo hayaandikiki.

Dada yako,
Glenys